Alikopita Haya: siku tisa Ugiriki

Siku ya 1. Athens, mtaa wa Kypseli

Mjomba alinipokea akiwa na kofia ileile ya baharia iliyomo kwenye picha ya sebuleni kwetu Tanga. Nikamwamkia, akaitika "Marahaba mwanangu," kisha akauliza mbona nimekuja na mkoba mmoja tu, kama vile angefurahi zaidi kunibebea mzigo. Kypseli ni mtaa wa wageni wengi. Kabla hatujafika mlangoni kwake nilishasikia Kiswahili kikitoka kwenye duka la kutuma pesa.

Mjomba alishuka melini Piraeus nikiwa bado sijaanza shule. Hajarudi nyumbani tangu hapo. Kwetu hilo halizungumzwi.

Kilichonileta ni swali la mwanafunzi. Nafundisha Kiswahili, na siku moja tukiwa kwenye ngeli mtoto mmoja wa nyuma aliuliza: kwa nini tunasema "hasira imempanda" wala hatusemi "hasira amempanda"? Nikamjibu haraka, kwa sababu hasira si mtu. Jibu sahihi, lakini lilinikera usiku kucha. Wapo watu waliosema hasira ni mtu. Wagiriki wa kale walikuwa na Lyssa, kichaa cha hasira, na wakampandisha jukwaani akitembea na kusema kama wewe na mimi. Walikuwa na Phobos, Woga. Eris, Ugomvi. Penia, Ukata. Pheme, Uvumi. Aidos, ambaye nitamwita Haya, maana nimetafuta neno jingine sikuliona.

Kina Zeus na Apollo wana wa kuwasimulia. Mimi nimekuja kuwafuata hawa wadogo. Kiongozi wangu ni Pausanias, aliyezunguka nchi hii katika karne ya 2 BK akiandika kila madhabahu aliyopita.

Siku ya 2. Athens

Areopago ni mwamba mtupu chini ya Akropoli. Nyayo za watu zimeusugua hadi unateleza kama sabuni. Juu tulikuta kundi la mahujaji wakisoma Biblia kwa sauti, kwani hapa ndipo Paulo aliposimama kuwaambia Waathene kuhusu madhabahu iliyoandikwa "Kwa Mungu asiyejulikana". Mjomba, ambaye ni Mwislamu kama mimi, alivua kofia kwa heshima, tukapita pembeni.

Mimi nilikuwa nawatafuta wanaojulikana na wasiotembelewa. Hapa palikuwa mahakama ya kesi za kuua, na Pausanias anasema palikuwa na mawe mawili yasiyochongwa. Mshtakiwa alisimama juu ya jiwe la Hubris, mshtaki juu ya jiwe la Anaideia. Hubris watu huifasiri kiburi. Haitoshi. Ni ufedhuli wa kumdhalilisha mwenzako kwa kujifurahisha tu, na katika sheria za Athens lilikuwa kosa lenye shtaka lake. Anaideia ni aidos iliyotiwa kikanushi mbele: kutokuwa na haya.

Hapo nilikwama. Kwamba mshtakiwa asimame juu ya ufedhuli, sawa. Lakini mshtaki, ndugu wa marehemu, kwa nini yeye ndiye apewe jiwe la kukosa haya? Wapo wanaoeleza kuwa neno hapo lina maana ya kukataa kusamehe. Nadhani ni zaidi. Kusimama mbele za watu ukadai roho ya mtu mwingine itolewe, hata kama una haki, lazima kwanza uiweke haya pembeni.

"Uwe mkavu wa macho," akasema Mjomba.

Ndiyo hasa. Na nikaona kwamba haya ya Kiswahili na aidos ni ndugu wa damu, maana zote mbili zina pande mbili. Ni aibu unayoiona ukishakosa, na ni staha inayokuzuia usikose. Ni ile inayomfanya kijana ateremke kitini mzee akiingia. Mfasiri wa Kizungu analazimika kuchagua upande mmoja. Mswahili hachagui kitu.

Tukashuka kwenye Agora, uwanja wa soko la zamani. Pausanias aliona huku madhabahu ya Eleos, Huruma, akasema kwamba katika Wagiriki wote Waathene peke yao ndio walimheshimu mungu huyo. Anaongeza kwa pumzi moja kwamba walikuwa pia na madhabahu ya Haya, ya Uvumi na ya Ari. Madhabahu ya Huruma ilikuwa wapi hasa wataalamu wanabishana, ila baadhi yao huihusisha na madhabahu ya Miungu Kumi na Wawili, mahali wakimbizi walipokimbilia kuomba hifadhi. Hiyo ipo. Sehemu kubwa imelala chini ya reli ya kutoka Piraeus, na kona moja tu ya mawe imechomoza kando ya njia. Tulisimama hapo treni ikapita.

"Miaka yote nimeipanda hiyo," Mjomba akasema. "Kumbe naikanyaga Huruma."

Aliikanyaga au alimkanyaga? Usiku nilijaza ukurasa mzima kwa jambo hili. Maandishi ya Wagiriki wa kale hayakutenganisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo ukisoma AIDOS kwenye jiwe hujui kama ni haya tu au ni Haya mwenyewe. Huenda nao hawakujali sana. Kiswahili kinakulazimisha uamue. Ukitia i- ni hali, ukitia a- umeshamuumba mtu, sawasawa na hadithi za Sungura na Fisi. Na Mswahili naye hakosi kujaribu: "majuto ni mjukuu" ni nini kama si kuipa hali ukoo? Hesiod, mshairi wao wa kale, alifanya hivyohivyo. Alimpa Ugomvi watoto, akiwamo Njaa, Usahaulifu na Uongo. Mtu aliyekulia kwenye methali haoni ajabu hapo.

Uvumi aliyepewa madhabahu nilimpenda kuliko wote. Hebu fikiria redio mbao inatolewa sadaka.

Siku ya 3. Athens

Miguu imevimba. Nimekwenda Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Kale tu, kumwona Themis wa Rhamnous, sanamu ya marumaru inayopita mita 2, iliyochongwa na Chairestratos, mwenyeji wa hukohuko, yapata 300 KK. Themis ni utaratibu wa haki ambao mtu haupindi. Mikono imekatika. Sikuona mizani wala kitambaa cha macho, hayo ni ya picha za mahakama za siku hizi. Anakutazama.

Jioni jirani wa Mjomba, bibi wa Kigiriki, alinisifia rangi ya mtandio kisha akatema mate kwa mdomo tu, "ftu, ftu, ftu". Nikashtuka. Mjomba akacheka: "Hiyo ndiyo mashallah yao." Wanajikinga na kijicho. Tabia ya zamani mno. Washairi wao wa kale wanataja watu waliojitemea kifuani mara tatu wakijisifu, ili wasimchokoze Nemesis. Nami kesho naenda kwake.

Siku ya 4. Rhamnous

Basi hadi upande wa Marathon, kisha teksi, maana hakuna gari la kukufikisha getini. Dereva aliuliza mara mbili kama kweli ndiko tunakokwenda na wala si ufukweni.

Rhamnous ni kilima juu ya mlango wa bahari, ng'ambo yake kisiwa cha Euboea. Mahekalu mawili yalisimama hapa bega kwa bega kwenye uwanja mmoja, dogo likihusishwa na Themis, kubwa la Nemesis, la karibu 430 KK. Yamebaki misingi na vipande vya nguzo. Nguzo za hekalu kubwa hazikumalizwa. Ile mifereji ya wima inayochongwa mwishoni haikuchongwa. Watu walikuwa wawili, sisi. Nyenje walikuwa hawahesabiki.

Nemesis nilimjua vibaya. Shuleni niliambiwa ni mungu wa kisasi. Jina lake linatokana na kitenzi cha kugawa, yaani ni mgawaji wa mafungu. Aliyechukua zaidi ya fungu lake, wa mali, wa bahati, hata wa majigambo, anarudishwa kwenye kipimo. Kisasi kinataka uwe na adui. Nemesis hana haja ya adui, anahesabu tu. Ningemwita Stahili.

Kisa cha sanamu yake ndicho kilichonileta. Mwaka 490 KK Waajemi walishuka Marathon, hapo chini kidogo, wakiwa wamebeba bonge la marumaru ya Paros. Walitaka kuchonga ukumbusho wa ushindi ambao hawajaupata. Wakapigwa, marumaru ikabaki, na Wagiriki wakaichonga kuwa Nemesis. Ndivyo anavyosimulia Pausanias, ambaye aliamini mchongaji ni Pheidias. Wengine humtaja mwanafunzi wake Agorakritos. Kama kisa kimetiwa chumvi, aliyetia alijua kupika. Kipande cha kichwa chake kipo London, kwenye Makumbusho ya Uingereza, na vipande vingi vya mwili vimeokotwa hapahapa.

Mkono wa kushoto alishika tawi la mtufaa, wa kulia bakuli la kumiminia sadaka. Na kwenye bakuli, anasema Pausanias, walichongwa Waethiopia. Kwa Wagiriki "Aithiops" ni mtu aliyeungua uso kwa jua, yaani mimi na Mjomba na nusu ya bara. Pausanias alijaribu kueleza kwa nini watu weusi wapo mkononi mwa mungu wa mafungu ya haki, akakiri kwamba yeye mwenyewe hakuweza kubuni sababu, na maelezo ya wengine hakuyakubali. Nilimsomea Mjomba. Akatafuta kivuli, akakaa, akafungua chupa ya maji.

"Labda alikuwa anatuhesabia," akasema.

Hesiod anao utabiri kuhusu Nemesis na Haya. Anasema katika kizazi cha chuma, kile kibaya kuliko vyote, baba hatafanana na mwana, mgeni hatapendana na mwenyeji, na mwisho wake Aidos na Nemesis watajifunika nguo nyeupe, waiache dunia ya njia pana, wapande kwa miungu. Watakaobaki nyuma watabaki na maumivu. Nguo nyeupe za kujifunika. Mgiriki atawaza nini sijui. Mimi niliwaza jirani zetu wanawake wawili wakitoka nyumbani alfajiri, hawaagi mtu, wamechoshwa.

Siku ya 5. Kisiwa cha Andros

Alfajiri Rafina, feri, saa mbili hivi hadi Gavrio. Mjomba kwenye meli ni mtu mwingine. Anasimama tofauti.

Herodotus, mwanahistoria wa kale, anasimulia kwamba mwaka 480 KK, baada ya Wagiriki kuwashinda Waajemi kwenye vita vya Salamis, Themistocles, kamanda wa Athens, alikuja hapa na merikebu za Athens kudai fedha. Akawaambia watu wa Andros: nimekuja na miungu wawili wakubwa, Peitho na Ananke, Ushawishi na Lazima, kwa hiyo mtatoa. Wakamjibu kwamba Athens ina bahati ya kuwa na miungu wa maana. Sisi, wakasema, tuna miungu wawili wasiofaa kitu ambao hawataki kuondoka kisiwani kwetu, Penia na Amechania, na tukiwa na hao hatutoi. Nguvu zenu haziwezi kamwe kuushinda udhaifu wetu. Akawazingira. Hakuuteka mji.

Penia ni Ukata. Amechania ni kukosa mbinu: mikono ipo, akili ipo, njia haipo. Mji wa wakati ule ulikuwa pale panapoitwa leo Paleopolis, na basi la kwenda Chora, mji mkuu wa kisiwa, linapita juu yake. Nilipomweleza Mjomba alicheka hadi abiria wakageuka.

"Hao wawili hawakubaki Andros," akasema. "Nilishuka nao Piraeus."

Kisha akanyamaza hadi mwisho wa safari. Chora ni mji wa manahodha na wenye meli, una sanamu ya baharia asiyejulikana ikitazama bahari. Mjomba aliisimamia muda mrefu, mimi nikaenda kununua tini.

Siku ya 6. Andros bado

Meltemi, upepo wa Agosti. Meli zimezuiwa kutoka. Pesa za chumba hazikuwa kwenye hesabu. Tumekaa bandarini tukila mkate na zeituni, na Amechania tunaye mezani.

Siku ya 7. Kurudi Athens

Bahari imetulia. Nimelala njia nzima.

Siku ya 8. Livadeia

Peke yangu leo, Mjomba ana zamu yake ya usiku kwenye jengo analolinda. Livadeia ipo kaskazini magharibi ya Athens, na maji yake yanatoka kwenye mwamba kwa kishindo, yanapita chini ya madaraja ya mawe na vinu vya zamani, pembeni watu wanakula mishikaki. Kwenye ukuta wa jabali vimechongwa vishubaka vya kuwekea nadhiri.

Hapa palikuwa na Trophonios, shujaa wa kale aliyeulizwa mambo ya siri chini ya ardhi, na Pausanias mwenyewe aliingia. Mwendaji aliogeshwa usiku mtoni na wavulana wawili wa miaka 13, akapakwa mafuta, kisha akanywa maji mawili. Kwanza ya Lethe, Usahaulifu, yafute yote aliyokuwa akiyawaza. Halafu ya Mnemosyne, Kumbukumbu, ili alichokuja kukiona kisimponyoke. Akateremka shimoni na mikate ya asali mkononi, akatanguliza miguu, na mwili ukavutwa ndani kama mtu anayebebwa na mzungusho wa mto. Akitoka, miguu tena ikitangulia, makuhani walimketisha kwenye kiti cha Kumbukumbu wakamuuliza alichokiona. Alikuwa hajitambui kwa hofu. Baadaye, Pausanias anasema, akili humrudia, na pia uwezo wa kucheka.

Uwezo wa kucheka! Maneno hayo ni ya mtu aliyepitia mwenyewe. Wagiriki walikuwa na msemo kwamba mtu mwenye uso wa huzuni ametoka kwa Trophonios.

Nilichovya kiganja nikanywa. Maji baridi, ladha ya jiwe. Sijui nilikunywa ya nani, na nilikumbuka kila kitu, pamoja na kwamba sikuwa nimempigia mama tangu Jumatano. Nikampigia. Akauliza, "Yule mzima?" Hamtaji kwa jina. Nikasema mzima. Akasema alhamdulillahi, akahamia kwenye habari ya paa la jikoni.

Siku ya 9. Sparta

Safari ndefu kwa basi. Mjomba ametoka zamu, hajalala, na amekataa kubaki.

Plutarch, mwandishi mwingine wa kale, anaandika kwamba Wasparta walikuwa na mahekalu ya Woga, ya Mauti na ya Kicheko. Woga waliweka karibu na ukumbi wa viongozi wao. Hawakumtolea sadaka ili awaondokee, kama tunavyofukuza pepo. Walimtukuza kwa kuamini kwamba dola yao inashikiliwa na woga. Na Lykourgos, mtunga sheria wao, ndiye anayesemekana aliweka kisanamu cha Kicheko, ili mzaha uingie kwenye karamu zao ngumu. Hakuna cha kuona. Sparta ya leo ni mji wa barabara zilizonyooka na michungwa.

Nilichotaka ni nje ya mji. Pausanias anasema stadia 30 kutoka Sparta, kama kilomita tano na nusu, palikuwa na sanamu ya Haya, na kisa chake ni hiki. Ikarios alimwoza binti yake Penelope kwa Odysseus, kisha akashindwa kuachana naye. Akamsihi mkwewe ahamie Sparta. Mkwe akakataa. Akamgeukia binti, na gari lilipoondoka akalifuata kwa miguu akiomba. Odysseus akavumilia hadi akachoka, akamwambia mkewe: nifuate kwa hiari yako, au mchague baba urudi. Penelope hakusema neno. Alijifunika shela usoni. Baba akaelewa, akamwacha aende, na pale barabarani akaisimamisha sanamu ya Haya.

Tulitembea kwenye njia ya kaskazini tukakadiria. Mizeituni, bomba la umwagiliaji, mbwa mmoja. Hakuna sanamu. Nilimsimulia Mjomba tukiwa tumekaa ukingoni mwa barabara, akasikiliza hadi mwisho bila mzaha.

"Mama yako alifanya hivyohivyo," akasema. "Baba yako alipokuja kuposa, babu akamwita chumbani kumuuliza. Mimi nilikuwa mdogo, nipo mlangoni. Akavuta kanga usoni, basi. Babu akatoka akasema, kakubali."

"Na angekuwa hataki?"

"Angesema. Mama yako?"

Basi la kurudi lilikuwa nusu tupu. Nilimpa kiti cha dirishani. Jua lilikuwa linashuka, na nadhani ule mchana ulinipa ujasiri ambao kwa kawaida sina mbele ya wakubwa. Nikauliza. "Mjomba, mbona hukurudi nyumbani?"

Hakunitazama. Alishika ukingo wa kofia, akaivuta taratibu hadi ikamfunika macho na pua, akaegemea kioo.

Sikuuliza tena. Nilitoa daftari nikaandika "Haya", nikakaa na kalamu hewani, halafu nikaandika "amepanda nasi".

Tulipofika Korintho giza lilishaingia. Niliamini amelala. Sauti ikatoka chini ya kofia:

"Hiyo nauli ya Dar siku hizi ni kama kiasi gani?"